Aliyeongoza Kipimo cha Kompyuta

Muuguzi mkuu wa wodi yetu ya watoto tulimwita Mama Zamu. Angemtoa damu kichanga anayelia huku akimtania mama mtu mpaka acheke. Lakini kompyuta? Aliizunguka kwa mbali kama mbwa mkali. Ilipoletwa, yeye tu ndiye aliyepewa neno la siri la kuifungua. Sisi wengine tuliambiwa tusubiri, na subira yetu haikuvuta heri yoyote. Basi akatupa neno lake, tukaliandika kwenye plasta, tukaibandika chini ya skrini, wodi nzima ikawa inaingia kwa jina lake. Mchapaji mkuu nilikuwa mimi.

Kisha hospitali ikatangaza kupima uzoefu wa wauguzi katika kompyuta. Atakayeshika mkia katika kila wodi, atahamishiwa stoo kupanga maboksi. Mama Zamu akakosa raha.

"Mwanangu," aliniambia, "wakinitoa kwa hawa watoto, nitakufa kabla ya kustaafu."

Siku ya matokeo matroni alitukusanya ukumbini. Kumbe mpimaji hakuhangaika kutuuliza sisi. Alikuwa ameiuliza mashine ni jina la nani huifungua.

"Wa kwanza, hospitali nzima," matroni akasoma, "Mama Zamu!"

Tulipigwa na butwaa. Kabla sijafunga mdomo, nikasikia natajwa mimi, jina la juu kwenye orodha ya waliopata sifuri wodini kwetu: sijawahi kuigusa kompyuta hata mara moja. Jumatatu niripoti stoo.

 Mimi? Mimi niliyechapa mpaka vidole vikauma? Nikamgeukia Mama Zamu. Akinyamaza tu, wodi ni yake, na makofi juu. Nilijua atanyamaza. Nani asingenyamaza?

Akasimama.

"Matroni, hizo sifa ni za huyu binti. Sote tunaingia kwa jina langu. Mimi hata kuiwasha siwezi."

 Matroni akamtumbulia macho.

"Unajua unachosema, dada? Kumpa mtu neno la siri ni kosa. Na mkia sasa ni wako!"

"Najua. Na stoo najua ilipo."

Akatoka bila kunitazama. Wenzangu walinipiga mgongoni, eti hongera, nimepona. Hongera ya nini? Nilikuwa nimebaki na wodi, naye kaiacha kwa sababu yangu. Nilitaka kumkimbilia nimwambie asiende, lakini wenzangu walikuwa bado wamenizunguka, wananipiga mgongoni.