Spika ya Kushoto ya Mzee Kagiri

Ploti ya Mzee Dedan Kagiri, nyuma ya steji ya Kawangware 56, yeye huitawala kwa masikio. Akiwa kitandani hujua ni nani ameacha mfereji wazi, ni nani analaza mgeni, ni nani anafungasha sufuria polepole ili ahame bila kuaga wala kulipa kodi. Wapangaji humsalimia vizuri, kisha hungoja apite ndipo waendelee na mazungumzo.

Sebuleni kwake kuna hom thieta aliyonunuliwa na binti yake Ciru: spika tano za kampuni moja na mashine yake. Mwaka jana panya walitafuna spika ya mbele, upande wa kushoto. Mkewe, Nduta, akamwita Omolo, fundi aliyeishi Soweto West kule Kibera na mwenye kibanda pale steji. Kagiri alivuta kiti akaketi kando yake, magoti yakikaribia kugusana, asibanduke hata kunywa maji. Hapa kila mtu ana hofu hiyo: fundi akiachwa peke yake na mashine hutoa kilicho kizuri na kurudisha takataka. Hata skrubu Kagiri alikuwa amezipaka rangi ya kucha ya Nduta, zikiguswa ajue.

Spika ya kufanana haikupatikana. Omolo alileta ya kampuni nyingine, pana kidogo, nyeusi tii.

"Hiyo si ya ukoo huu," Kagiri akasema.

"Mlio wake utakuwa tofauti kidogo na wa wenzake, mzee, hiyo sikufichi. Lakini nguvu zinakaribiana. Nitaipima mpaka uisikie sawa na ile ya kulia, hapo hapo unapokaa."

"Nimekaa. Siisikii."

Omolo akaongeza sauti. "Sasa?"

"Bado."

Akaongeza tena, mpaka Nduta akauliza kutoka jikoni kama wanaita mkutano. Kagiri akasema bado, akimtazama fundi kwa jicho la kando.

Wiki hiyo alisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Kaloki, mahali ambapo habari zote za steji hupita. "Huyo fundi amenitolea sumaku ya ndani," alisema.

"Si ulikaa naye?" Kaloki akauliza.

"Hao wana mikono myepesi."

"Au hiyo spika ni ya upinzani, mzee. Ndiyo maana imekaa kushoto ikinung'unika."

Watu wakacheka, lakini neno lilibaki. Mwenye ploti akisema, husikizwa. Mama wa saluni akaenda kibandani kuchukua redio yake hata kabla haijafunguliwa. Wengine wakafuata. Mwishowe Omolo akafunga kibanda, akabeba vyuma vyake akarudi navyo Soweto West.

Kagiri hakutulia. Hata ploti ilikuwa imebadilika: wapangaji walianza kunong'ona, na aliamini wanapanga jambo. Jumapili moja, Nduta akiwa kanisani, aliamua kumaliza kesi yake. Alihamisha ile spika nyeusi kulia, na ile ya zamani, aliyoiamini, akaiweka kushoto. Akawasha muziki, akaketi. Ngeni ikaongea wazi. Ile ya ukoo ikafifia.

Basi fundi ameharibu mashine pia, akawaza. Akajibanza nyuma ya meza ya mashine, uso ukielekea kochi, abadilishe nyaya. Hapo, kabla hajashika waya wowote, ile spika nyeusi ikanyamaza na ile ya zamani ikafufuka. Akageuka kutazama ukuta. Zikabadilishana tena. Akageuka polepole, mara ya mwisho, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na ukimya ukageuka pamoja naye. Ulikuwa umekaa kwenye sikio lake la kushoto.

Alizima kila kitu. Wapangaji hawakuwa wakinong'ona. Na wakijua sikio hilo limekufa, ploti nzima itahama na sufuria zake mchana kweupe.

Hakulala vizuri. Asubuhi alishuka matatu steji ya Ayany, akaingia Soweto West kwa miguu, akiuliza njia. Seline, mke wa Omolo, alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Umekuja kukagua kama tumekalia sumaku zako?"

"Niitie bwana yako, mama."

Omolo alimpa kigoda. Kagiri akakisogeza mpaka fundi akawa upande wake wa kulia. "Spika ni nzima," akasema. "Sikio ndilo bovu."

Omolo akalitazama hilo sikio. "Pole, mzee. Lakini uliwaambia watu wa 56. Hao ndio wa kuambiwa, si mimi."

"Nitawaambia nilikosea."

"Ulikosea nini?" Seline akauliza. "Watauliza hivyo. Ukimung'unya maneno, watasema umemhurumia tu mwizi."

Mchana huo Kagiri alisimama kwa Kaloki, Omolo kando yake, akaitaja spika, akalitaja sikio, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyecheka. Mama wa saluni aliuliza tu kibanda kinafunguliwa lini.

Jioni aliketi nje ya mlango wake. Valentine, mpangaji wa chumba cha mwisho, alipita na ndoo upande wa kushoto. Midomo yake ilicheza. Huenda ilikuwa salamu. Kagiri akaitikia kama salamu, kisha akamfuata kwa macho mpaka alipofunga mlango.