Taima Moja, Kazi Mbili

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani kwetu Musanda, kaka yangu Makokha akiwa amepiga magoti mbele ya mashine yake ya kuangulia vifaranga, ameshika yai alilolipasua. Ndani mlikuwa na kifaranga mwenye manyoya tayari. Amekufa.

Mwanangu, wewe unayejifunza kazi hii ya chipu, vile vibongo vya mashine za umeme, tega sikio.

Makokha alikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha sukari, mpaka kiwanda kikapunguza watu. Wenzake walirudia jembe, yeye akaunda lile sanduku la kuangulia. Kina mama wa jirani walimletea mayai ya ingokho, kuku wao wa kienyeji, mayai ambayo wangeweza kuwakaangia watoto. Mimi, mdogo wake, nilikuwa kijana wa chuo cha ufundi Kakamega, nikawa namsaidia.

Chipu moja ndogo iliendesha kila kitu. Unajua umeme haupunguzwi kama maji ya bomba. Chipu huuwasha na kuuzima upesi upesi. Pigo likiwa pana, waya wa joto unapata moto mwingi, likiwa jembamba, unapoa. Kinachopanga mapigo hayo ni taima, saa iliyo ndani ya chipu. Sisi taima yetu ilikuwa moja, na ililisha waya wa joto na feni pia. Tuliipanga, tukapima joto, likakaa sawa.

Lakini feni ilikuwa inavuma, kama mbu sikioni. Kina mama walikuwa waje kuona mayai yao, zimebaki siku chache yaanguliwe, na Makokha alitaka wakute mashine imetulia kama ya dukani. Nikiwa nimeenda Mumias, akafupisha mzunguko wa taima, ule muda wa kutoka pigo moja hadi jingine. Mvumo ukaisha. Akafunga sanduku, roho nyeupe, akaenda kwenye matanga ya rafiki yake, akalala huko.

Kumbe alifupisha mzunguko, lakini pigo la joto likabaki na upana uleule. Basi waya ukawa unawaka karibu wakati wote, na usiku huo joto likaua vifaranga wote ndani ya mayai. Chungu kimoja, walaji wawili. Ukimpimia mmoja, umempimia na mwenzake.

"Nilitaka tu isivume," aliniambia.

Akachukua jembe ayazike mayai kabla kina mama hawajafika. Baba yetu hakujua taima ni nini, ila watu aliwajua. Akamshika mkono.

"Mwanangu, mayai haya si yako. Utawazikiaje watu mali yao na wenyewe hawapo?"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kina mama wakaitwa, wakaja. Hakuna aliyemtukana. Mama Nekesa, mjane aliyeleta mayai yake yote, aliyakusanya moja moja kwenye leso, akamwambia, "Pole, baba," akaenda zake. Mimi huwa nafikiria, wangemtukana pengine angepona.

Makokha hakugusa chipu tena. Nilimwambia kosa lilikuwa namba moja tu, tungeibadilisha kabla chai haijachemka. Alinisikiliza vizuri, kama mtu anayesikiliza habari za ukoo mwingine. Kisha akaenda Lugari kulima mahindi ya watu. Nimemfuata huko mara nyingi. Ananipa kiti, ananipa chai, anarudi shambani. Baba alikufa akimsubiri. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na mengine huondoka na mtu.

Kwa hiyo nakusihi. Ukigusa taima, uliza kwanza nani mwingine anakula hapo. Ukibadilisha kitu, kaa nacho, pima tena, na upime lile ambalo hukukusudia kuligusa. Ukimya wa mashine si uzima wake. Ukiharibu cha mtu, mwite mwenyewe aone. Na ukimwona mwenzako ameharibu, usikimbilie kumweleza namba. Mshike mtu kwanza. Mimi namba nilikuwa nazo zote, na kaka yangu bado yuko Lugari.

Mungu akupe mkono mtulivu, na siku mkono huo ukikosea, akupe mtu wa kukaa nawe mpaka uweze kuinuka.