Kamera ya Yunusi Niliyoifungua Juani

Wadau, baba yangu tulimzika mwaka 1992. Miaka minne baadaye nikampoteza tena, saa sita mchana, mbele ya umati wa watu, kwa vidole vyangu hivi viwili.

Na asubuhi ya siku hiyo niliamka nina furaha. Nilikuwa naenda kumkomesha mtu.

Naitwa Kasiani. Nilikuwa na studio ndogo Morogoro mjini, chumba kimoja na pazia la bluu. Picha za pasipoti ndizo zilinilisha, ila ugonjwa wangu ulikuwa kamera za zamani.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimeachiwa huru. Maduka yalijaa vikamera vya plastiki kutoka Dubai, unabonyeza tu, na kila mtu akajiona mpiga picha. Mashirika ya umma nayo yalikuwa yanafilisiwa, mali zake zinapigwa mnada.

Wenzangu walikwenda minadani kugombea magari na majenereta. Mimi niliokota kamera za chuma, lenzi zenye ukungu, flashi, mikoba ya ngozi. Nilikuwa nazo kumi na nne kwenye rafu, na mlio wa kila moja naujua.

Mama yangu, Filomena, niliyekuwa naishi naye Bigwa, pembeni ya mji, alisema wenzangu wanafuga kuku wanaotaga, mimi nafuga vyuma.

Kamera ya kumi na tano niliitaka kwa chuki tupu.

Ilikuwa ya kiwanda alichofanyia kazi baba, Mzee Laurenti. Jina la kiwanda naliacha. Mpiga picha wao alikuwa Yunusi, mzee mwembamba, kofia haimtoki kichwani, mtu wa kufuata taratibu za ofisi mpaka anakera.

Mei Mosi ya 1992 baba akatajwa mfanyakazi bora. Yunusi akamsimamisha kando ya mashine yake, cheti mkononi, akampiga picha.

Mwezi uliofuata baba akafa.

Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Kitambulisho cha kazi kilirudi kiwandani. Siku ya maziko nikamkimbilia Yunusi, nikamwomba ile ya Mei Mosi tuiweke juu ya jeneza. Unajua alinijibu nini?

"Mkanda haujaisha. Zimebaki picha tatu. Mkanda wa kiwanda siwezi kuukata."

Ni kweli mikanda ilikuwa ya mgawo, na kila mmoja alisainishwa ofisini. Lakini mimi nilikuwa na maiti ndani. Nilimpigia magoti yule mzee. Akabaki na msimamo wake.

Wiki mbili baadaye kiwanda kikafungwa. Stoo ikapigwa lakiri, kamera ndani.

Halafu wafanyakazi wakaninong'oneza kwamba Yunusi alikuwa anapiga hewa. Ndivyo walivyokuwa wakisema. Mikanda ikikosekana, mpiga picha anabonyeza kamera tupu ili watu wasivunjike moyo. Nikaamini papo hapo. Nikajua hakukuwa na picha wala mkanda, alikuwa anaficha aibu yake.

Toka siku hiyo sikumpa tena shikamoo. Mji wetu unaujua, kumnyima mzee shikamoo ni tusi la wazi. Tukikutana naangalia mtaro. Nikafungua studio karibu na kibanda alichokuwa anauzia mafuta ya taa baada ya kupoteza kazi, makusudi, ili kila asubuhi aone kibao changu.

Basi mwaka 1996 ndipo stoo ya kiwanda ikapigwa mnada.

Siku mbili kabla, nikaona zizi la mama halina kitu. Mbuzi wake wote watatu hawapo. Akaniambia kawapeleka kwa mjomba, milimani, majani yako mengi. Sikuuliza zaidi, akili yangu ilikuwa kwenye mnada.

Nilipofika nikamkuta Yunusi kavaa koti, bahasha mkononi. Dalali akainua kamera, ikiwa na lenzi mbili, flashi na mkoba wake. Wengine hawakuitaka. Tukabaki wawili.

Nikitaja, anapanda. Anapanda, napanda. Watu wakaanza kucheka, maana kwa bei ile ungepata redio mpya na chenji.

Akanisogelea. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kasiani, hii niachie. Zingine zote chukua."

"Nilipopiga magoti, wewe uliniachia?"

Akawatazama watu, akapandisha tena. Hela ya bahasha ilipoisha, mimi nikaongeza kidogo tu, kwa kumdharau. Dalali akagonga. Nikamlipa, nikaichukua kamera yangu na kutoka nayo uwanjani, watu nyuma. Raha niliyoisikia sijawahi kuisikia tena.

"Usiifungue nyuma," Yunusi akasema. "Ipeleke kwanza kwenye chumba cha giza."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Mpaka leo bado anacheza mchezo wake? Nikawaita watu wasogee waone kamera iliyowapiga hewa miaka yote.

Sasa sikiliza. Kamera yoyote ya zamani ukiipata, kabla hujaifungua unapapasa kile kidude cha juu cha kurudishia mkanda. Ukikizungusha kikalegea, ndani hamna kitu. Kikigoma, mkanda upo. Ni sekunde mbili. Kamera kumi na nne nilizipapasa hivyo.

Hii sikuipapasa. Nilikuwa na haraka ya kumwaibisha mtu.

Nikavuta. Mlango ukafunguka.

Mkanda ulikuwa ndani, umejiviringisha vizuri, unang'aa kwenye jua la saa sita.

Mimi nilisimama tu. Aliyeruka ni Yunusi. Alivua koti akaifunika kamera, akaufunga mlango kwa kupapasa chini ya kitambaa.

"Mkanda wa ndani ya kibweta chake haujaona jua," akasema. "Hizi za mwisho, sijui."

Za mwisho ndizo za Mei Mosi. Zile za mwanzo zinakaa katikati ya mviringo, zinafunikwa na zilizofuata. Za mwisho zinakaa juu.

Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza baada ya miaka minne.

"Ile hela haikuwa yangu. Kamuulize mama yako mbuzi wake wako wapi."

Nikamwachia kamera ndani ya koti, nikapanda Bigwa kwa miguu. Mlangoni sikuhitaji kuuliza. Ukutani mama alikuwa ameshapigilia msumari, na juu yake ananing'iniza fremu mpya, kioo kinameta, ndani hamna kitu.

"Yunusi kaipata?" akauliza.

Nikamweleza yote. Hakulia. Aliketi kitandani, akaniambia Yunusi alikuwa anakuja kila mwaka, mimi nikiwa studio, kumwomba radhi kwa lile jeneza lisilo na picha. Wakapanga yeye auze mbuzi, mzee ainunue kamera, mkanda usafishwe, kisha Yunusi mwenyewe aniletee.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungekubali yeye akuletee baba yako?"

Mnadani nilikuwa nashindana na mbuzi wa mama yangu.

Kesho yake asubuhi Yunusi akaja na koti lake na kamera ndani yake. Nikataka twende studio haraka. Akagoma. Nusura nimtukane tena.

"Mkanda haujaisha," akasema. "Ile moja jua limeila. Zimebaki mbili."

Akamketisha mama chini ya msumari, fremu tupu mapajani. Akapiga. Akaniambia nisimame nyuma yake, mkono begani. Akapiga ya pili. Kisha tukashuka mjini, tukaingia chumba cha giza, mzee na mimi, bega kwa bega.

Picha za mwanzo zilitoka safi. Wakurugenzi, wageni, mtu anakata utepe. Zilipokaribia mwisho zikaanza kuungua. Ya baba ilikuwa nyeusi kama chungu, kona hadi kona. Niliigeuza kwenye taa mara nyingi sana.

Zile mbili za asubuhi zilitoka bila doa.

Nilipotoka nje, nikasema, "Shikamoo, Mzee Yunusi."

"Marahaba," akajibu, akavaa koti lake, akaondoka. Hakunisamehe, na mimi sijamsamehe lile jeneza. Lakini shikamoo yake sikuinyima tena mpaka alipofariki.

Mama naye ameshatangulia. Ile fremu ipo kwangu. Ndani yake kuna picha ya mama ameshika fremu hiyo hiyo ikiwa tupu, na mimi nyuma yake nimeinamisha uso. Wageni huniuliza baba yuko wapi, nami huwaambia mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Kamera za zamani bado nanunua. Kila ninayoipata, nakizungusha kwanza kile kidude cha juu, taratibu. Na wewe ukimchukia mtu, kabla hujamfungua mbele za watu, papasa kwanza ujue ndani yake kabeba nini. Huenda kambeba mtu wako.