Maini Kando ya Chumvi

Jumapili hiyo niliamka Giakanja nikiwa sina mahali pa kwenda, na kufikia saa tatu nilikuwa barabarani na begi langu. Palizi ya kahawa iliyonileta huko ilikuwa imekwisha, na mke wa mwenye shamba alikuwa ameanza kuniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu hawanikumbuki. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimejifunza jambo moja bila mwalimu: mji haujulikani sokoni. Hujulikana Jumapili mchana, kwenye baa, nyama ikiwa motoni.

Nje ya Nyeri nilisimamisha lori lililokuwa limeshusha kabichi. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Unaenda wapi?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Naro Moru."

"Basi hata mimi."

Alicheka mpaka gia ikamponyoka. "Ati hata mimi! Panda, lakini usiniambie umeua mtu."

Baa ya kwanza niliyoingia Naro Moru ilikuwa na mlango wa buluu na wapagazi waliotoka kushuka mlimani. Viatu vyao vilivyolowa vilianikwa karibu na jiko la nyama, na sikuweza kusema ni harufu ipi ilikuwa ikishinda. Walinikatia kipande cha mutura, utumbo wa mbuzi uliojazwa damu na nyama, nikakila kwa kukirusha mkono huu na mkono ule kwa moto wake. Nikauliza chumba. Vyote vilikuwa vimejaa wao.

Ya pili ilikuwa na meza mbili, redio kubwa, na polisi wawili wa kutoka magharibi waliokuwa wakichomewa kuku. Mmoja alipomsikia mhudumu akiniuliza kama bia yangu ni moto au baridi, alipiga meza. "Nyinyi watu wa mlima! Bia moto kama chai! Mbona hamwekei maziwa?" Niliinywa moto, nikamwambia maziwa yamekwisha. Tulicheka, lakini chumba hakikuwapo.

Kufikia saa kumi ukungu ulikuwa umeufunika mlima wote na ulikuwa ukitushukia. Koti langu lilikuwa na kifungo kimoja. Gari la kurudi halikuwapo tena mpaka kesho. Nilishakaa karibu na mlima huo vya kutosha kujua kwamba usiku wake haulaliwi nje, nikaanza kutembea haraka kidogo kuliko mtu anayetalii.

Baa ya tatu ilikuwa karibu na reli. Mwenyewe alikuwa mama mpana aliyevaa koti la kiume, funguo zimefungwa kiunoni kwa kamba ya katani.

"Mama, uko na chumba?"

"Chumba iko." Alinitazama kuanzia viatu. "Nani anakujua hapa?"

"Dereva wa lori."

"Anaitwa nani?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Mimi sipatii mtu chumba kama sijaona vile anakula," akasema. "Kaa hapo."

Nikakaa kwenye benchi pamoja na mchoma nyama, mwanamume mrefu mwenye aproni ya gunia, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliyeshika fimbo katikati ya magoti. Mchoma nyama akaleta ubao, akamwaga chumvi pembeni, akakata mbavu katikati, na kando ya chumvi akaweka maini, vipande vinne laini.

Kule Giakanja, kwenye baa niliyoizoea, pembe ya ubao yenye chumvi ni ya mgeni. Ukiiacha, wanadhani umeidharau nyama yao. Na mimi nilikuwa mgeni anayetazamwa. Nikala maini yale yote manne, kwa adabu, bila haraka, nikimwangalia mama kwa jicho la pembeni ili aone.

Niliponyanyua kichwa, mchoma nyama alikuwa ameacha kukata.

"Kijana," akasema, "hiyo ilikuwa ya guka, huyu babu yetu."

Mzee akafungua mdomo kunionyesha. Ndani mlikuwa na meno mawili, nayo hayakukutana.

"Miaka yote Jumapili, maini ni yake," mchoma nyama akaendelea. "Sasa atakula nini? Fimbo?"

"Mwache," mzee akasema. "Yeye iko na meno mingi. Atanitafunia."

Baa nzima ikaangua kicheko. Mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya zile funguo, nami niliona kitanda changu kikiondoka.

Nikaomba kisu. Nyanya yangu naye hakuwa na meno miaka yake ya mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia. Nikachagua ubavu wenye mafuta, nikautoa mfupa, nikaikata nyama kukingama nyuzi zake, nyembamba, kisha nikaikatakata tena mpaka ikawa kama ya kujazia sambusa. Nikaomba supu ya kichwa kikombe kimoja, nikailainisha nyama nayo, nikatia chumvi kidogo, nikamsogezea.

"Samahani, guka. Kwetu pembe ile ni ya mgeni."

Alionja. Aliizungusha mdomoni polepole. Kisha akaisogeza fimbo, akauvuta ubao karibu.

"Maini imekuwa ikinidanganya," akasema. "Sijaonja ubavu tangu mke wangu aage."

Aliimaliza yote, akapangusa ubao kwa kidole. Mama alifungua fundo la kamba kiunoni na kuniwekea ufunguo mmoja mezani.

"Chumba ya pili kutoka choo. Kuna blanketi mbili. Na Jumapili ingine utamkatia tena."

Nilikuwa sijawahi kumwahidi mtu Jumapili nyingine. Niliuchukua ufunguo, ukiwa bado na joto la koti lake, nikasema nitakuwepo.

"Na maini," mzee akaniita nikiwa mlangoni, "usiguse!"