Muhuri wa Mtaa Juu ya Picha ya Bibi Kinu

Aibu hii nimeibeba tangu mwaka jana, na ningeendelea kuibeba kimyakimya kama si mama mmoja anayeuza viungo pale sokoni Tandika, aliyeniuliza juzi kwa huruma kabisa, "Hivi yule mwizi wenu wa uwanjani mlimfanyaje?" Vitunguu vyangu nikaviacha hapohapo kwenye mzani, nikaondoka kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Basi nimeamua mkasa wote niuseme mwenyewe, mnicheke mpaka mshibe, kwa sababu siku ile hakukuwa na mwizi.

Mie ni Mama Doreen, kwetu Kongwa, naishi hapa Tandika na natengeneza siagi ya karanga. Kopo langu lina lebo ya njano yenye picha ya bibi yangu mzaa mama, ameshika mchi mbele ya kinu, amenuna kidogo (ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa, na alinuna kwa sababu nilimkatisha kazi), na chini yake imeandikwa BIBI KINU. Bibi alifariki hata kopo moja hajaliona. Kila nikibandika lebo huwa namsalimia, na ukiniambia hilo ni jina la biashara tu nitakukasirikia, maana mie nalipenda kuliko biashara yenyewe.

Siagi ilipoanza kutoka, watu wakaanza kuniambia, Mama Doreen, jina lako lilinde, usije ukaibiwa. Sasa mie kulinda nilikuelewa kwa namna yangu. Sie jambo lolote zito linaanzia serikali ya mtaa: unafungua akaunti, barua ya mtaa; unamdhamini mtu polisi, barua ya mtaa; kwa hiyo nikachukua lebo yangu, nikaibandika juu ya karatasi nyeupe, nikampelekea mwenyekiti nikamwambia naomba anithibitishie huyu bibi ni wangu. Mzee wa watu akavaa miwani, akaandika mistari mitatu chini ya picha, akagonga muhuri wa bluu, paa! Alichoandika sikukisoma. Ya nini, muhuri si nauona? Nikaipeleka karatasi steshenari ikapigwa laminesheni, nikaitundika ukutani juu ya jiko, na usiku ule nikalala kama mtu mwenye hati ya nyumba.

Aliyekuja kuniharibia usingizi ni wifi yangu Eliza, dada wa mume wangu. Anafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini, kutwa nzima anashinda na fomu. Ni mtu mpole, anaongea taratibu, na ana kasoro moja tu, anakuwaga sahihi. Siku hiyo alikuja nimewasha moto, karanga ziko kwenye karai, mie natoka jasho, yeye kaitazama ile laminesheni ukutani kwa muda mrefu, halafu akasema, "Wifi, muhuri wa mtaa haulindi alama ya biashara. Inabidi isajiliwe kwa wakala wa serikali. Fomu hizi hapa nimekuletea, zisome, ukiridhika usaini."

"Lete nisaini uniache, karanga zinaungua."

"Soma kwanza, wifi."

Sikusoma. Nilisaini kurasa zote kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mwiko, na karatasi moja nikaiachia alama ya kidole cha mafuta. Akazikusanya, akaaga, akaenda zake. Ingeishia hapo tusingekuwa na hadithi, lakini jioni kwenye grupu la familia akaandika, "Wifi, ule muhuri wa ukutani ushushe, unakudanganya," na shemeji zangu wote wakacheka na vile vikatuni vya machozi. Mie nikaona nimedhalilishwa na ukoo mzima. Nikajitoa kwenye grupu, nikamblock Eliza, nikarudi kwenye karanga zangu nikiwa nimeridhika kupita kiasi.

Ikapita miezi mingi. Siku moja mteja akanirudishia kopo akisema siagi ina mchanga. Nikaliangalia: lebo ya njano, Bibi Kinu, ila bibi mwenyewe kavaa hereni! Bibi yangu hajawahi kuvaa hereni. Kuuliza huku na huku nikaambiwa yanatoka kwa jamaa mmoja wa Vingunguti. Nikamfuata muuza duka mmoja aliyekuwa anayauza, nikamwonyesha laminesheni yangu, akaigeuza nyuma na mbele, akanirudishia, akaendelea kupima mchele. Hapo ndipo hofu ikaniingia kweli. Wateja wa zamani walikuwa wananikwepa, na usiku nilikuwa namuota bibi ameninunia mimi sasa, wala si kamera.

Katika hali hiyo mume wangu, Baba Doreen, ambaye ni dereva wa lori na wiki hiyo alikuwa njiani, akanipigia. "Dada anasema Jumamosi uende uwanjani kwenye maonyesho ya wajasiriamali. Anasema usikose."

"Mwambie nina kazi."

Jumamosi asubuhi nimefika dukani kwa Mangi, jirani yangu anayewauzia wateja makopo yangu ya halali, ananiambia kwa furaha, "Mama Doreen, meza yako uwanjani nimepita nikaiona, imependeza!" Meza gani? Mie nipo hapa na ndoo, meza ya nani? Nikajua yule mtu wa Vingunguti sasa ameamua kutoka hadharani. Nilirudi nyumbani mbio, nikaishusha laminesheni, nikapanda bodaboda na aproni yangu yenye madoa ya karanga.

Uwanja umejaa maturubai, spika kubwa mbili, na afisa biashara anapita meza moja baada ya nyingine na kipaza sauti, watu wanamfuata. Meza ya Bibi Kinu niliiona kwa mbali: kitambaa cha njano, makopo yamepangwa vizuri, katikati fremu yenye cheti. Na nyuma ya meza, jamani, kasimama wifi yangu Eliza.

Zile fomu zote zikanirudia kichwani. Kumbe ndiyo maana alinisainisha! Kaninyang'anya jina kwa saini yangu mwenyewe! Afisa aliponiona na aproni akadhani mie ni wa meza hiyo, akaninyooshea kipaza sauti kwa tabasamu, "Mama, karibu, utuambie kuhusu bidhaa yenu," na mie nikakipokea, nikavuta pumzi, nikasema kwa spika zote mbili, "Huyu ni mwizi! Ameniibia bibi yangu!"

Nyie mnajua neno hilo hapa mjini. Watu walikuja kutoka pande zote, wengine tayari wamekunja mikono ya mashati, na mgambo wawili ikabidi wasimame mbele ya meza. Eliza alishika ukingo wa meza, akanisogezea ile fremu. Sauti yake ilikuwa ileile.

"Wifi, soma kwanza."

"Sisomi! Nilishasaini, nisome nini tena?"

Afisa akachukua kipaza sauti chake taratibu, akaniuliza kama nina uthibitisho. Nikamkabidhi laminesheni kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akasogeza miwani, akaisoma watu wote wasikie: "Nathibitisha kwamba mwenye karatasi hii ni mkazi wa mtaa wangu, na aliyepo pichani ni bibi yake. Apewe ushirikiano."

Uwanja ukacheka, na mgambo wakacheka, wengine wakaondoka zao hapohapo. "Mama," akasema afisa, "hili hakuna anayebisha. Ni bibi yako." Halafu akainua ile fremu ya mezani. Akasoma kwamba alama ya Bibi Kinu, pamoja na picha yake, imesajiliwa kwa ajili ya siagi ya karanga, na mmiliki wake ni Tabitha Yona Mazoya. Akamgeukia Eliza. "Ndiye wewe?"

Eliza akatikisa kichwa.

"Sasa Tabitha ni nani?"

Nikanyoosha kidole juu, kama mtoto wa darasa la pili anayeomba kwenda chooni. Tabitha Yona Mazoya ni mie.

Watu wakaguna, wakaanza kutawanyika. Eliza akanivutia kiti, akanieleza bila kunipandishia sauti hata mara moja. Fomu alizipeleka, ikaangaliwa kama kuna mwingine mwenye alama kama hiyo, ikatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, hakujitokeza mtu, cheti kikatoka. Meza ya maonyesho walipewa wenye vyeti, naye akaniombea. Makopo aliyanunua kwa Mangi. "Nikakutumia ujumbe kila hatua," akasema, "naona tiki moja tu, nikajua umeniblock. Ila nikasema ishu ya bibi haina kununa."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasimama nikitafuta kipaza sauti nimwombe radhi palepale, lakini kilikuwa kimeshapewa vijana wa singeli, spika zinapasuka. Nikainama nikamwambia sikioni, "Wifi, nisamehe."

"Sikusikii!"

"Nisamehe!"

"Baadaye wifi, wateja hao," akasema, akanisogezea makopo, tukauza pamoja mpaka jioni, mie nikilia na kurudisha chenji.

Jamaa wa Vingunguti aliandikiwa barua yenye nakala ya cheti, na makopo ya bibi mwenye hereni yakaacha kuonekana. Cheti changu kiko ukutani juu ya jiko, na laminesheni ya mwenyekiti nimeiacha pembeni yake ili inicheke kila nikikaanga. Siku hizi sisaini kitu moto ukiwa umewaka. Hata karatasi ya shule ya Doreen naisoma hadi jina la mchapishaji.

Ila nina jambo linaloniuma. Neno mwizi nililisema kwa spika mbili, samahani nikaisema sikioni. Waliocheka na kuondoka mapema hawakusubiri kusomewa cheti. Juzi Baba Doreen ndiye aliyeniambia kwamba dada yake hapiti tena soko la Tandika, mboga anazifuata mbali, na kwa upole wake hajawahi kunitajia. Jina la bibi yangu lina cheti cha serikali. La wifi yangu nililichafua mie, na hakuna ofisi nitakayopeleka fomu likarudi.

Kwa hiyo nalirudisha kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, nyie mkiwa wa kwanza. Kesho asubuhi narudi sokoni kuchukua vitunguu vyangu, na naanza na yule mama wa viungo.