Upanga Kiunoni Kulia

Kwa miaka arobaini na mmoja Ottmar Leykauf alichora na Alwin Raab akachonga, na baina yao hapakuwahi kuzuka ugomvi mkubwa kuliko kifungo. Kifungo chenyewe kilikuwa cha koti la mpiga tarumbeta wa kikosi cha farasi, askari wa bati asiyezidi urefu wa kidole gumba. Ottmar alikaa na lenzi yake akahesabu, akakuta kifungo kimoja kimezidi, akarudisha askari wote sitini wakayeyushwe upya. "Marehemu hakuvaa hivyo," alisema. Kwake kila askari alikuwa marehemu wa mtu fulani, na marehemu havikwi ovyo.

Alwin hakuwa mtu wa vitabu. Mjomba wake alimtia kazini akiwa na miaka kumi na minne, hapo hapo mjini Nuremberg, katika chumba cha nyuma chenye meza ile ile anayoikalia hadi leo, akamfundisha jambo ambalo watu wengine hawalielewi hata uwaeleze mara tatu: kuona kinyume. Askari bapa wa bati humiminwa kati ya vipande viwili vya sleti, jiwe lile walilokuwa wakiandikia watoto wa shule zamani. Kilicho kulia jiweni hutoka kushoto kwenye bati. Basi mchongaji hufuatisha mchoro kwenye karatasi laini, huigeuza karatasi nyuma mbele, ndipo huisugulia jiweni na kuanza kukata. Alwin aligeuza karatasi kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani, bila kujiuliza. Hakuoa. Ukimuuliza sababu, alisema hakuna mwanamke atakayekubali vumbi la jiwe kwenye supu. Jumapili alikula kwa Ottmar na mkewe Traudl, nyama ya kuoka na madonge ya viazi, na kwa miaka yote hiyo Traudl alikuwa shemeji yake kweli kweli.

Mchoro wa mwisho ulimchukua Ottmar miaka kumi na mmoja ya utafiti. Askari wa farasi wa Bavaria, mwaka 1812, njiani kwenda Urusi, ameinama juu ya farasi katika mvua, joho limemfunika mikono na hatamu. Ottmar alisoma barua za askari, akasoma hata malalamiko ya fundi cherehani mmoja wa jeshi, ili tu ajue joho lile lilikuwa refu kiasi gani. Mapafu yalipomlaza hospitali alikwenda na karatasi zake. Wiki moja baada ya mazishi Traudl alimletea Alwin mchoro ndani ya bahasha.

"Alisema wewe utajua la kufanya, shemeji."

Alwin alijua. Asichosema ni kwamba macho yalikuwa yamekwisha. Katikati ya kila jicho palikuwa na doa. Aliona ukingo wa sahani, lakini donge la viazi alilitafuta kwa uma. Kwa lenzi, akitazama kwa pembeni, aliona kipande cha jiwe kinacholingana na punje ya mchele, kisha kingine, kisha kingine. Alichonga hivyo miezi kumi na minne. Hakumwambia mtu, na aliamini kwamba hakuna aliyegundua.

Asubuhi moja ya Julai alimimina bati la kwanza. Likatoka safi, mvua yote imo mabegani mwa yule mtu. Alimpeleka dirishani, akainamisha kichwa huku na huku mpaka akamwona mzima. Chini ya joho ilichungulia ncha ya ala ya upanga. Ilikuwa upande wa kulia.

Upanga huning'inia kushoto ili mkono wa kulia uuchomoe. Hilo linajulikana hata na watoto wanaokuja kwenye maonyesho ya askari wa bati kula aiskrimu. Alwin alidhani ni doa la macho linamchezea. Akapapasa kwa kidole: kulia. Akatoa mchoro kwenye bahasha, na kwa mara ya kwanza akautazama upande wa nyuma, akisogeza lenzi herufi moja moja. Yalikuwa maandishi madogo ya Ottmar.

"Alwin, nimeshakugeuzia mwenyewe, kwa kioo. Wewe uuweke mchoro jiweni vilevile ulivyo, usiyachoshe macho. Najua. O."

Alwin alikaa chini akalia, mzee wa miaka sabini na mbili, bila hata kujifuta. Alikuwa amegeuza kilichokwisha kugeuzwa. Na jiwe halijazwi, kilichokatwa kimekatwa. Miezi mingine kumi na minne macho yake hayakuwa nayo, maonyesho ya Kulmbach yalibakiza siku tisa, na Traudl alikwisha kuwatangazia wanachama wote wa chama cha wapenzi wa askari wa bati kwamba kila mmoja atapewa askari wa mwisho wa Ottmar.

Simu ikalia. Alikuwa Popp, katibu wa chama, mtu asiyejua kusema polepole.

"Ee mzee! Yule mpanda farasi yuko tayari au bado mnamtafutia farasi?"

"Yuko tayari."

"Basi nakuja na lenzi yangu kubwa. Miaka thelathini namwinda Ottmar nimkute na kosa moja. Moja tu, jamani! Hata kaburini hatanikimbia."

"Popp, nisikilize kidogo..."

"Utaniambia huko huko, soseji zinaungua hapa!" Simu ikakatwa.

Lilikuwa neno la mzaha, na Popp alimpenda Ottmar. Lakini Alwin aliona meza nzima ya wazee imeinama juu ya ala ile, na mmoja anasema, kumbe hata Ottmar. Marehemu angejitetea vipi?

Chini ya kwato za farasi, pale askari anaposimamia, huwa kuna herufi: O.L. aliyechora, A.R. aliyechonga. Sleti hukubali jambo moja tu, kukatwa. Alwin alishika patasi na, kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, akachimba pale penye O.L. mpaka herufi zikamezwa na shimo. Bati lililofuata likatoka na bonge, mfano wa tope, chini ya kwato, na jina moja pembeni yake. Sasa kosa lilikuwa na mwenyewe. Siku hiyo alikula kwa hamu.

Alhamisi Traudl akaja na keki ya plamu.

"Usiniambie umeshakula, nitakulisha kwa nguvu. Haya, yuko wapi mtu wangu?"

Alwin alimpa. Traudl akavaa miwani, na upanga hata hakuuona.

"Alivyoinama! Kama Ottmar na gazeti lake." Alicheka huku akilia. Kisha akamlaza askari kiganjani, akapitisha kidole chini ya kwato. Akapitisha tena.

"Jina liko wapi?"

Alwin alipapasa mezani akitafuta kisu cha keki.

"Mimi sijui vifungo wala kola, shemeji. Kila askari alinionyesha hapa. Nilikuwa natazama hapa tu." Kidole kikasimama. "Hiki nini?"

"Tope."

"Na wewe upo."

"Nipo."

Traudl alivua miwani. "Alikuwa anashika kioo changu cha mkobani mpaka mkono unatetemeka. Nikamwambia, mgonjwa gani anajitazama hivyo? Akasema, namsaidia Alwin kidogo. Hakukusaidia?"

Maneno yalikuwa palepale mdomoni mwa Alwin, yote. Lakini kuyasema ni kumwambia kwamba mkono ule uliotetemeka, siku zile za mwisho, ndio ulioupeleka upanga kulia.

"Alinisaidia sana," alisema Alwin.

Traudl alimsimamisha askari mezani, polepole, akachukua mkoba wake.

"Nilidhani mlikuwa wawili," alisema.

Keki aliiacha. Alwin alimfuata hadi mlangoni, akasimama pale akitazama katikati ya njia, ambako hakuona kitu.