Dawa ya Kushika Rangi

Shangazi yangu aliyenilea pale Temeke hakuwahi kusuka mkeka wala kuvua samaki, na bado wasusi na wavuvi wote walimlipa. Alikuwa na pipa moja la maji ya magome ya mkoko, basi. Maji yale mekundu yalikoleza ukili wa kushonea mikeka, yakazuia nyavu zisioze. Wavuvi wa Msasani wakiadimika, wasusi wapo. "Mie natia kidogo tu kwenye cha mwenzangu," alikuwaga akisema, "lakini nisipokitia hicho kidogo, chake kimeharibika."

Mara dukani zikaja rangi za pakiti: kijani, zambarau, samawati. Lo! Wasusi wakamhama, na wao ndio waliokuwa wengi. Shangazi akasema mfungo ukimkuta hali ni hiyo hiyo, atafunga mizigo arudi kwao Rufiji. Nililia kama mtoto.

Halafu tazama upuuzi wangu! Mikeka ya harusi yangu mwenyewe nikaitia rangi ya pakiti. Nilitaka kijani kinachong'aa, miye. Shangazi akaniuliza kama ukili niliuchemsha kwanza kwenye magome.

"Shangazi nawe, hayo si ya zamani?"

Akarudi kwenye pipa lake. Nami nikadhani nimeshinda.

Siku ya ndoa kulikuwa na joto la kukaanga mtu. Wakwe wakaketi mkekani na kanzu zao nyeupe, wakala pilau, wakatoka jasho. Walipoinuka, makalio yote kijani! Baba mkwe akajigeuza, akajitazama, akauliza, "Hii ni harusi au shamba la mchicha?" Wanawake waliokuwa ndani wakacheka hadi wakakaa chini. Mie nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake asubuhi wasusi walijaa mlangoni kwa Shangazi, kila mmoja na pakiti yake mkononi.

"Rangi kanunueni dukani, hata kumi," akawaambia. "Kwangu njooni mfuate cha kuishika."

Habari ya kuhamia Rufiji ikaishia hapo. Akawa anakwenda huko kufuata magome tu.

Nami nilipanga foleni, mikeka kichwani, macho chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitoza bei ya wote pamoja na sabuni ya kanzu za wakwe. Nikalipa bila kukohoa. Ndipo akanikumbatia, na viganja vyake vyekundu vikaacha alama mgongoni mwa khanga yangu mpya. Nimeifua miaka yote hii. Alama haijatoka.